Madam, Msanii Lazima Aachike?

Mwaka jana nilifanya fildi nyumbani, Kihurio. Kwa wasiopajua, ukitoka Same mjini unashika njia ya Kisiwani, unapita Maore na Ndungu, milima ya Upare iko mkono wako wa kulia na hifadhi ya Mkomazi iko mkono wa kushoto, mpaka unaanza kuona majaruba ya mpunga. Hapo umefika. Nilipewa Kidato cha Pili, somo la Kiswahili, na wiki ya tatu mada ikawa maigizo.

Si mnajua sisi wa ualimu tunavyofundishwa: anza na kile mwanafunzi anachokijua, ndipo umpeleke kwa asichokijua. Nikachora safu mbili ubaoni. Ya kwanza nikaandika "Msanii", ya pili "Kazi yake". Nikawaambia wanitajie waigizaji wa kike wa Tanzania.

Mkono wa kwanza ukainuka kabla sijamaliza sentensi. "Irene Uwoya!" Vizuri, kazi yake? "Aliolewa na Dogo Janja." Darasa zima kicheko. Wa nyuma akadakia, "Kwanza aliolewa na Ndikumana, yule mcheza mpira wa Rwanda." Haya, mwingine. "Lulu." Kazi yake? "Mke wa Majizo." Mwingine? "Wema Sepetu." Huyo sikuuliza swali la pili, walishaanza wenyewe kumtaja Diamond. Mimi nilikuwa naandika tu kila kinachosemwa. Nilipogeuka kuutazama ubao nikakuta ile safu ya kazi imejaa majina ya wanaume.

Nikafuta, nikasema sasa waigizaji wa kiume. Kanumba, Ray, JB. Hapo sinema zikamwagika, Oprah, Johari, Dar 2 Lagos, sinema zilizotoka kabla wengi wao hawajazaliwa. Nikauliza wake zao ni akina nani. Kimya. Kijana mmoja akaniuliza kwa mshangao kabisa, "Madam, kwani hilo nalo liko kwenye mtihani?"

Kengele ilipolia akabaki binti mmoja. Ndiye aliyekuwa akiongoza maigizo pale shuleni, anatunga mwenyewe, anacheza mwenyewe, sauti yake inafika mpaka kwenye mkorosho. Akasubiri wenzake watoke. "Madam, kwani ukiwa msanii lazima uachike?" Nikacheka kidogo, maana nilidhani anatania. Kumbe mama yake alishamwambia aachane na mambo ya jukwaani, akamtajia majina yaleyale matatu yaliyokuwa ubaoni. Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaongea. Makala hii ndiyo yale mazungumzo, yamechelewa miezi kadhaa, na nimeona niyaandike huku chuoni kwanza kwa sababu nilipowauliza wenzangu wa hosteli swali lilelile la safu mbili, majibu hayakutofautiana sana na ya Kidato cha Pili.

Nianze na Uwoya, maana ndiye aliyetajwa wa kwanza na ndiye ambaye ndoa zake zimeongelewa kuliko sinema zake.

Irene Uwoya alizaliwa Desemba 1988. Watu walimwona mara ya kwanza kwenye Miss Tanzania ya 2006, mwaka ule taji lilipokwenda kwa Wema Sepetu. Ukiitazama orodha ya warembo wa mwaka ule unaona kama usaili wa Bongo Movie, maana watayarishaji wa sinema walikuwa wanatafuta sura ambazo watu wameshaziona. Uwoya akaingia kwenye sinema, na 2008 ikatoka Oprah, yeye akiwa na Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yule Ray. Hao wawili ndio waliokuwa wanaume wakubwa wa tasnia wakati huo, kwa hiyo msichana aliyewekwa katikati yao alikuwa amepewa nafasi ambayo wengi waliililia. Sinema ile ilimfanya ajulikane nchi nzima. Nchi nzima ni pamoja na Kihurio, ambako ilifika kwa njia ya kawaida ya enzi zile: CD ndani ya begi la mtu anayetoka Dar, kisha kibanda umiza, jenereta nje, benchi za mbao ndani, watoto mbele na wakubwa nyuma.

Mwaka 2009 akaolewa na Hamad Ndikumana, waliyekuwa wakimwita Katauti. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa beki na nahodha wa timu ya taifa ya Rwanda, alikuwemo kwenye kikosi kilichokwenda Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia, na alicheza soka Ubelgiji na Cyprus. Uwoya alikuwa na miaka 20. Hebu simama hapo kidogo, wewe unayesoma hii ukiwa mwaka wa pili au wa tatu. Miaka 20 ndio umri ambao wengi wetu tulikuwa tunahangaika na kubadilisha chumba cha hosteli. Yeye alikuwa ana jina linalojulikana nchi nzima, mume anayejulikana Afrika, na kamera mlangoni. Walipata mtoto wa kiume. Baadaye ndoa ikayumba, wakaishi mbalimbali, na kila hatua ya kuyumba huko iliandikwa.

Mwishoni mwa 2017 zikasambaa picha za ndoa yake na Dogo Janja, yule rapa kijana wa Arusha. Mimi nilikuwa sekondari, na nakumbuka hakuna aliyeamini. Kila mtu alisema ni kiki. Neno hili halihitaji tafsiri kwa kizazi chetu, lakini kwa mwalimu wetu atakayesoma: kiki ni tukio la kutengeneza ili watu wakuongelee, halafu wiki inayofuata unatoa wimbo au sinema. Tulikuwa tumeshazoea kudanganywa, hata ndoa ya kweli ilipotokea tukasubiri wimbo. Katikati ya Novemba mwaka huohuo Ndikumana akafariki ghafla Kigali, akiwa kocha msaidizi wa Rayon Sports. Mambo hayo mawili yakatokea ndani ya wiki chache. Mwaka uliofuata ndoa na Dogo Janja nayo ikavunjika.

Hizo ndizo habari zenyewe, na ukizihesabu ni ndoa mbili na msiba mmoja katika maisha ya mwanamke wa miaka isiyofika 30. Ni mambo makubwa, lakini si maajabu. Pale kwetu naweza kukuhesabia nyumba ambazo yametokea zaidi ya hayo: fundi cherehani, mwenye duka la pembejeo, hata walimu. Sijawahi kusikia mtu akimwambia binti yake asisomee ualimu kwa kuwa mwalimu fulani aliachika. Kinachotofautisha ni kwamba talaka ya fundi cherehani haiuzi gazeti.

Halafu kuna jambo ambalo nililiona tu nilipokaa na kuandika tarehe kwenye karatasi. Ndikumana alimzidi Uwoya miaka kumi. Sikumbuki kusikia mtu akilijadili hilo. Uwoya alimzidi Dogo Janja miaka kadhaa tu, na hilo likawa utani wa mwaka mzima, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp, mpaka kwenye mabenchi ya mabaraza. Na Ndikumana alipofariki, wapo watu waliokwenda kwenye kurasa za mjane huyo kumtupia lawama, kama vile wao ndio madaktari waliompima marehemu. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, ambao 2017 walikuwa darasa la pili au la tatu, walizijua habari zote hizo kwa mpangilio. Oprah waliitaja kama sinema ya Kanumba.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Jibu rahisi ni kwamba watu wanapenda umbea. Ni kweli, lakini umbea upo tangu zamani na haujibu kwa nini wanaume wakumbukwe kwa sinema na wanawake kwa ndoa. Mimi naona jibu liko kwenye namna sinema zetu zilivyokuwa zinauzwa, na hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana ni jambo ambalo hata watazamaji wazuri wa Bongo Movie hawalijui.

Bongo Movie ilitoka kwenye vikundi vya maigizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kikundi kama Kaole Sanaa Group kilikuwa kinaonyesha tamthilia zake ITV, na humo ndimo walimotoka Kanumba, Ray, Johari, na Lulu akiwa bado mtoto mdogo. Televisheni iliwapa jina, si hela. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, Mkenya aliyefanyia kazi zake huku kwetu, akiwachanganya waigizaji na wanamuziki wa Bongo Fleva. Ikafungua macho ya watu: kumbe sinema ya Kiswahili inauzika. Wafanyabiashara wa kanda na CD wa Kariakoo wakaingia, na baada ya miaka michache Steps Entertainment ikawa ndiyo msambazaji mkubwa.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Mtayarishaji anatengeneza sinema kwa haraka, mara nyingi wiki moja au mbili za kupiga picha. Anaikata vipande viwili, Part 1 na Part 2, ili mteja anunue mara mbili. Kisha anaipeleka kwa msambazaji, anauza haki zote kwa mkupuo mmoja, anachukua chake, anaondoka. CD ikiuzwa nakala elfu moja au laki moja, kwake ni mamoja. Mwigizaji ndiyo kabisa: yeye amelipwa na mtayarishaji, mara moja, basi. Sinema ikiendelea kuonyeshwa miaka kumi na tano baadaye kwenye kibanda Kihurio, au kwenye basi la Dar kwenda Arusha, hapati hata senti. Na wezi wa kazi za sanaa walikuwa wanakula sehemu kubwa ya kilichobaki, ndiyo maana 2013 serikali ikaleta stempu za TRA kwenye CD za muziki na filamu.

Tuna sheria, tena jina lake lenyewe linavutia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya aliyetunga. Hakishiriki ndiyo inayomgusa mtu anayeimba au kuigiza kazi iliyotungwa na mwingine. Yaani bunge lilishafikiria kwamba yule anayeonekana kwenye kioo naye ana haki yake. Lakini haki uliyoiuza kwa saini huwezi kurudi kuidai, na wengi walisaini bila kusoma, au hawakupewa hata karatasi ya kusaini. Watani zetu Wachagga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wacheke tu. Laiti kwenye ofisi zile za Kariakoo wangekuwepo Wapare kumi wakorofi wenye miwani, wanaosoma kila mstari, leo tungekuwa na hadithi nyingine.

Katika biashara ya namna hiyo, kitu pekee ambacho mwigizaji anabaki nacho baada ya kulipwa ni jina. Msambazaji anaangalia kava: nani yuko mbele? Sura ikiwa inajulikana, CD inatoka. Kwa hiyo ukitaka kuitwa kwenye sinema inayofuata, lazima jina lako libaki midomoni mwa watu katika miezi ambayo huna sinema. Na nani anaweza kuliweka huko? Hapakuwa na kurasa za uhakiki wa filamu. Sisi wenyewe hapa chuoni tunasoma uhakiki wa tamthilia na riwaya, lakini gazeti gani la mtaani liliwahi kuandika kwamba Uwoya amecheza vizuri onyesho la kilio, au kwamba ameharibu? Kilichokuwepo ni magazeti ya udaku, na hayo yalitaka habari za aina moja: nani yuko na nani, nani kamuacha nani, nani kafumaniwa.

Mwanaume alikuwa na njia nyingine ya kubaki na jina. Kanumba alikuwa na kampuni yake, Ray alikuwa na yake. Wakawa watayarishaji na waongozaji, jina lao linatokea kwenye kava mara mbili na mara tatu. Kuna wanawake waliofanya hivyo mapema, na Blandina Chagula ni mfano, yule ambaye sinema ya Johari ilimpa jina analoitwa mpaka leo. Herufi za RJ, kampuni aliyoianzisha na Ray, ni Ray na Johari. Lakini wengi wa wanawake walibaki mbele ya kamera tu, na aliyebaki mbele ya kamera alikuwa hana la kuuza zaidi ya sura na habari zake binafsi. Gazeti likapata mauzo, msambazaji akapata tangazo la bure, na mwigizaji akabaki anajulikana mpaka Kihurio. Ukiuliza ni nani kati ya hao watatu aliyelala bila hela, unajua.

Sisemi kwamba wasanii wote walionewa. Wapo waliojua mchezo na wakaucheza. Instagram ilipokuja, wengi waligundua kwamba hawahitaji tena mwandishi: unaweka picha mwenyewe, wafuasi wanajaa, kampuni ya sabuni au ya simu inakutafuta uwe balozi wake. Siku hizi harusi ya msanii inaweza kumlipa kuliko sinema, na safari hii hela inaingia mfukoni mwake. Mama mmoja wa kwetu, ambaye nilikaa naye jioni moja tukichambua maharage ya makande, aliliweka vizuri kuliko mimi: "Kama mchele hauna bei, utauza hata pumba."

Lakini pumba nazo zina bei yake. Mtu akishazoea kununua habari zako za ndani, hakubali tena kwamba kuna siku ambayo duka limefungwa. Ndicho kilichotokea ile Novemba 2017. Msiba ulipofika watu waliusoma kama muendelezo wa tamthilia, Part 2, na wakadai kujua kila kitu kama walivyozoeshwa.

Kuna ndoa nyingine ya kisanii ambayo wanafunzi wangu hawakuitaja hata mmoja, na kwangu ndiyo ina mafunzo zaidi. Yvonne Cherrie, tunayemjua kwa jina la Monalisa, alicheza kwenye ile Girlfriend ya 2003. Mama yake ni Natasha, mwigizaji pia. Hebu waza, kuna nyumba hapa nchini ambamo uigizaji ni kazi ya mama na binti, kama kusuka ukili au kufinyanga vyungu. Monalisa aliwahi kuwa mke wa George Tyson, muongozaji wa sinema hiyohiyo. Mume nyuma ya kamera, mke mbele yake. Ndoa ya namna hiyo ina raha yake, maana mnaelewana kuhusu kazi, na ina tabu yake: ugomvi wa nyumbani mnakwenda nao kazini, na mkiachana hamjagawana vyombo tu, mmegawana na tasnia. Waliachana. Mei 2014 Tyson alifariki kwa ajali ya gari maeneo ya Gairo, akitokea Dodoma. Monalisa akaendelea na kazi. Mwaka 2018 alikwenda Ghana akarudi na tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Afrika kwenye African Prestigious Awards. Alikuwa na miaka karibu ishirini kwenye fani.

Nilipowasimulia darasani kipindi kilichofuata, kijana wa nyuma akauliza, "Sasa hivi yuko na nani?" Sikumjibu. Nikarudi kwenye mada.

Lulu naye ni hivyohivyo. Machi 2016 sinema yake Mapenzi ya Mungu ilichukua tuzo ya sinema bora ya Afrika Mashariki kwenye AMVCA kule Lagos. Tuzo hizo zinaangaliwa Afrika nzima, na usiku uleule Single Mtambalike alichukua nyingine, ya sinema bora ya Kiswahili, kwa Kitendawili. Tanzania tuzo mbili usiku mmoja mbele ya Wanaijeria wenye sinema zao! Uliza leo kwenye kantini yetu, nani anaijua Mapenzi ya Mungu. Halafu uliza harusi ya Lulu na Majizo ilikuwa mwaka gani. Watakujibu 2021, na wengine watakupa mpaka mwezi.

Nikakumbuka kitabu ambacho sisi wa Kiswahili tunakipita tu kwenye orodha, Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akaolewa, akaachika, akiwa na mtoto akaingia mjini kutafuta maisha kwa sauti yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na akawa miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa za Kiswahili kuuzwa namna hiyo. Maneno ya watu hakuyakosa, alisemwa sura na alisemwa asili. Kwa hiyo umbea juu ya mwanamke wa jukwaani si kitu cha Instagram. Ila Siti alipata mtu wa kukaa chini na kuandika kazi yake, tena mtu ambaye kalamu yake ilikuwa na uzito. Akina Uwoya na Monalisa wana maelfu ya kurasa zinazowahusu, na hawana wasifu hata mmoja wa namna ile kwenye maktaba yetu. Nimetafuta. Kuna tasnifu za sinema za Tanzania, nyingine zimeandikwa na wageni waliokuja kutoka Ulaya kukaa na wasanii wetu mwezi baada ya mwezi, na ni nzuri. Wasanii wenyewe hawazisomi na sisi hatuzisomi.

Mambo yamebadilika kidogo. CD zimekufa. Zilipokuwa zinakufa, Aprili 2017, baadhi ya wasanii waliandamana Kariakoo kupinga sinema za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa, maandamano ambayo mimi naona yalilenga adui asiye sahihi, lakini njaa ina haki ya kupiga kelele. Soko likahamia kwenye televisheni za kulipia: Maisha Magic Bongo, Sinema Zetu ya Azam. Televisheni inataka tamthilia ya vipindi vingi, na tamthilia inataka mwandishi, muongozaji, ratiba na mkataba. Hapo ndipo akatokea mtu kama Leah Mwendamseke, Lamata, aliyetengeneza Kapuni na kisha Juakali. Watu wanamzungumzia Lamata kama wanavyomzungumzia mtu mwenye kiwanda: kaajiri nani, kamtoa nani, kipindi cha leo kakikatiza wapi. Sijawahi kusikia mtu akianza na ndoa yake. Nadhani sababu ni kwamba anamiliki kitu kingine cha kuongelewa.

Wiki ya mwisho ya fildi nilimwita yule binti, tukakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya walimu. Nikamweleza haya, si kwa urefu huu. Kuhusu kuachika nilimwambia ukweli ninaoujua: sheria yetu ya ndoa ni ya mwaka 1971 na ni ileile kwa msanii na kwa mkulima wa mpunga, na watu wa kazi zote wanaachana, wengine kwa heri na wengine kwa shari. Nikamwambia mama yake si mjinga. Mama anaona kitu cha kweli, kwamba kazi ile inamweka binti uwanjani bila paa, ila anadhani kinachonyesha ni wanaume peke yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniulize tena kuhusu ndoa. Akaniuliza, "Ile Oprah, madam, aliyeiandika alilipwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akatoa daftari lake la maigizo, lile lenye jalada la gazeti, lina michezo minne aliyotunga tangu Kidato cha Kwanza. Hakuna hata mmoja uliokuwa na jina lake. Nilimwazima kalamu. Akaandika juu ya kila mchezo, kwa mwandiko wa kubonyeza, jina lake lote la mwanzo mpaka la ukoo, na mwaka.